Datsun 240Z na rimu za 18 wapi na wapi

Ndugu mhariri,

Niliiona picha mliyochapa ya ile Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, ile gari ya michezo ya Kijapani ya miaka ya sabini, na chini yake mmeandika eti imerudishiwa ujana, nikacheka peke yangu maana gari yenyewe imepigwa rimu za inchi 18, inakaa kama mzee aliyeazima viatu vya mjukuu. Sina neno na mwenyewe, gari ni yake na pesa ni zake. Ninaowaonea huruma ni hawa vijana ambao wameanza kutafuta magari ya zamani, wanaona picha gazetini wanadhani ndivyo inavyotakiwa, halafu wakigonga shimo moja tu la Mariakani wanaanza kulaumu gari.

Na hii gari sisi huku tuna haki ya kuisemea, si gari ya kusoma tu kwa magazeti. Ndiyo iliyochukua Safari Rally mwaka wa 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller, ikarudi ikachukua tena 1973 na Shekhar Mehta, Lofty Drews akiwa kando yake. Tafuta picha za miaka hiyo uangalie chini, utaona tairi zimejaa mpira, rimu iko ndani hata haijionyeshi. Wale hawakuwa wajinga, walijua wanapita njia gani.

Sasa hesabu, na si ngumu. Kiwandani 240Z ilitoka na tairi ya 175 HR 14, yaani upana wa tairi milimita 175, rimu ya chuma ya inchi 14, upana wake inchi 4.5 peke yake. Zamani hawakuwa wanaandika ile namba ya pili ya kimo cha ukuta, ndio maana watu wanachanganyikiwa, lakini kwa tairi kama hiyo ukuta ni kama asilimia 80 ya upana, yaani milimita 140 hivi za mpira kati ya rimu na barabara, na tairi nzima kutoka chini hadi juu inakuja kama milimita 635 au zaidi kidogo. Njoo kwa ile ya 18, kawaida wanaweka 225/40. Chukua 225 zidisha na 40 gawanya kwa 100 unapata 90. Tairi nzima inafika 637, karibu sawa na ile ya zamani, na hapo ndipo fundi anakushika, anakwambia mzee kimo ni kile kile, spidi mita haitadanganya, na kwa hilo anasema kweli kabisa. Ambacho hakwambii ni kwamba milimita 50 za mpira zimeenda, na huo mpira ndio uliokuwa unameza mashimo na matuta, sasa kazi hiyo umeipa rimu na shokabsoba na mgongo wako.

Kama roho yako haitulii bila kupandisha, panda mpaka 15 usimame hapo. 205/65 R15 ina ukuta wa milimita 133 na kimo cha kama 647, hiyo barabara zetu inaziweza. 205/60 iko chini kidogo, 627, gari inakaa vizuri kwa macho ila spidi mita itakuonyesha unakimbia kuliko unavyokimbia, si mbaya ukikutana na askari. Mimi mwenyewe napenda kubaki 14, naweka 195/70, ukuta milimita 136, na sura ya gari haiharibiki. Lakini usiipige kwa ile rimu ya kiwanda ya 4.5, ni nyembamba mno, tairi itabinywa itokeze tumbo na kwenye kona gari itayumba, tafuta rimu ya 5.5 au 6. Na kumbuka usukani wa hii gari hauna pawa, ukiweka matairi mapana mbele, kupaki tu pale Marikiti utatoka jasho.

Kitu kingine kinachomaliza watu ni ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwa gari. Mtu anaona rimu ina matundu manne, kipimo kati ya matundu yanayotazamana ni milimita 114.3 kama ya Datsun, ananunua. Rimu nyingi za gari za leo za kuvuta kwa mbele zina ofseti ya 35 au 40, na 240Z inataka rimu ya upana wa 7 iwe na ofseti karibu na sifuri, kwa hiyo ukifunga hiyo yako tairi inaingia ndani inaanza kusugua shokabsoba. Hapo ndipo wanakuja na spesa, kile kipande cha kuweka nyuma ya rimu ili kuisukuma nje. Spesa nene kwa bolti zile zile fupi, nati imeshika nyuzi chache, huyo anateremka Mazeras na familia ndani!

Na tarehe jamani. Gari hizi hazitembei sana, kwa hiyo kashata, yale meno ya tairi, inabaki nzuri miaka na miaka wakati mpira ushakauka. Kuna duka moja hapa Mombasa nilionyeshwa tairi, jamaa anaapa ni mpya, mzee hata nywele zake bado, na kweli zile nywele za mpira zilikuwepo. Nikawasha tochi ya simu kwa ukuta, kwenye ule mstari unaoanza na DOT namba nne za mwisho ni 3512, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012, na ukikunja mpira kidogo pale kashata inapokutana na ukuta unaona nyufa nyembamba zimezunguka tairi yote. Bei nayo ilikuwa ya tairi mpya, haikupunguzwa hata shilingi. Nikamrudishia tairi yake.

Waagizaji wanasema 14 haina soko, wanaleta 17 na 18 tu, kwa hiyo watu wanaingia kwa rimu kubwa shingo upande, si wote wanapenda mashauzi. Kama kuna msomaji anajua duka lolote la Mombasa ama Nairobi lenye 195/70 R14 yenye herufi H ya kiwango cha spidi, ya mwaka huu au mwaka jana, aandike hapa hapa kwenye ukurasa huu, tuko wengi tunaitafuta.

Msomaji wenu,
Changamwe, Mombasa