Barua ya wazi kwa msimamizi wa utafiti wa maji ya dawa: hesabu mitaa, si nyumba

Mheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni mmoja wa vibarua mliotutuma hapa Mombasa kupita nyumba kwa nyumba na madaftari. Tangu baraza la wiki jana nimengoja mtu asahihishe mliyoyatangaza. Kimya. Ndipo naandika mbele ya watu.

Mlisema klorini kwenye mitungi imethibitishwa kupunguza kuharisha kwa sababu nyumba 1,200 zimeonyesha hivyo, na kwa kuwa imethibitishwa, mabomba ya mtaa wetu yangoje. Mheshimiwa, nyumba 1,200 hazikupigiwa kura. Kura ilipigwa kwa mitaa sita. Nilikuwapo vikaratasi vilipokunjwa na kutiwa ndani ya kofia: mitatu ikapata dawa, mitatu ikakosa. Wetu ulikosa.

Nyuma ya nyumba ninayopanga pana kisima kimoja. Masika yaliponyesha, maji ya choo yaliingia humo, nadhani kwa ule ufa wa upande wa chini. Wiki ile niliandika "anaharisha" nyumba nane mfululizo. Ya tisa ilikuwa yangu. Mwanangu alilegea, kila kijiko cha maji ya chumvi na sukari akakitapika, nami asubuhi nikabeba daftari lenu nikaenda kuhesabu watoto wa wenzangu. Nyumba zile tisa si mashahidi tisa. Ni kisima kimoja kilichosema mara tisa.

Mkichambua kana kwamba kila nyumba inasimama peke yake, mwajipa uhakika msiokuwa nao. Chukua kila mtaa una nyumba 200, na kufanana kwa majirani, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni kudogo tu, 0.02. Zidisha kwa 199, yaani majirani wa kila nyumba, ongeza moja: unapata 4.98. Gawa 1,200 kwa hiyo: basi nyumba 1,200 zina uzito wa kama nyumba 241. Na hata hilo halitoshi, kwani mitaa ni sita: toa miwili, digrii za uhuru, yaani taarifa huru za kupimia, zabaki 4, na kipimo cha t cha kuvuka, yaani kiwango ambacho tofauti lazima ikipite ndipo isidhaniwe ni bahati tu, ni 2.78, si 1.96 mliyotumia.

Kuna njia 20 tu za kugawa mitaa sita nusu kwa nusu. Hata kama mitaa yote mitatu ya dawa ingeshinda yote mitatu iliyokosa, jaribio la kupanga upya makundi, likitazama pande zote mbili, haliwezi kutoa p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) iliyo chini ya 2 kwa 20. Hiyo ni 0.1, na kwa kawaida hutakiwa iwe chini ya 0.05. Neno "imethibitishwa" limetoka wapi?

Si elimu mpya hii. Mtakwimu Jerome Cornfield wa Marekani alionya juu yake mwaka 1978. Nawe mwenyewe, siku ya mafunzo, uliandika ubaoni kwamba uchambuzi utafuata mgao, yaani kilichopigiwa kura ndicho kihesabiwe. Niliyanakili maneno hayo ukurasa wa kwanza wa daftari langu na bado yapo. Jirani zetu wa Kilifi, vyandarua vyenye dawa vilipojaribiwa miaka ya 1990, yaligawanywa maeneo mengi, na matokeo ya mwaka 1996 yakaonyesha vifo vya watoto vimepungua kwa kama theluthi. Kazi hii hufanyika vizuri, na imefanyika papa hapa pwani.

Sisemi klorini haifai. Huenda yafaa sana, na mimi ningeitaka kesho kwenye mtungi wangu. Nasema hamjui bado, na kwa jambo msilolijua mmetunyima bomba.

Rudia uchambuzi. Chukua wastani wa kila mtaa, linganisha mitatu kwa mitatu, au tumia modeli mseto, ile hesabu inayotenganisha tofauti za mitaa na za nyumba, yenye marekebisho ya Kenward na Roger kwa ajili ya uchache wa mitaa, kisha uje barazani utusomee jibu hata likiwa "hatujui". Rudia uchambuzi kabla ya bajeti ya mabomba kupelekwa kwingine. Madaftari ninayo, tarehe na nyumba zimo, na nitakuja kusoma nawe mstari kwa mstari bila kudai malipo. Rudia tu, Mheshimiwa. Masika mengine yaja na kisima ni kile kile.

Wako,
Mkusanya data wa mtaa uliokosa dawa