Shukrani kwa Mama Aliyenizuia Kununua Matumbawe
Mama uliyenikuta dukani nikiwa tayari kulipia matumbawe, ilhali tangi langu la kufugia viumbe vya baharini, la lita 120, lilikuwa na maji ya chumvi ya siku 3 tu, nakushukuru kwa dhati. Ulinieleza kwa upole kwamba bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa viumbe) kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali, huhitaji wiki kadhaa kuenea kwenye mawe ya tangini, na kwamba kabla ya hapo amonia huweza kuua kila kiumbe ninachokiweka. Ukanionyesha pia kwamba maji yakipungua kwa kugeuka mvuke hujazwa maji safi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipotei hewani; hilo nisingelijua kamwe. Nilisubiri wiki 6. Matumbawe laini yamefunguka leo asubuhi, nami nasikitika kwamba sikukuuliza jina.