Shukrani kwa mzee wa chumba cha ramani

Shikamoo mzee wangu. Sikukuuliza jina, nami naomba radhi kwa hilo. Nilikuwa nimeshafungua droo nne nikitafuta ramani ya milima ya Lushoto ya skeli ya 1:50,000 kwa jina tu, ndipo ulipokunjua ramani ya faharasa, ile inayoonyesha karatasi zote za ramani na namba zake, ukanionyesha, kwa ncha ya penseli, kwamba nchi imegawanywa katika miraba yenye namba, na kila mraba una karatasi nne, ya 1 ikiwa kaskazini-magharibi na ya 4 kusini-mashariki, kila moja ikichukua dakika 15 za latitudo na 15 za longitudo (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya digrii). Kijiji cha babu kilikuwa ukingoni kabisa mwa karatasi, hivyo ukanitolea na karatasi ya jirani, jambo ambalo peke yangu nisingeliwaza. Nakushukuru sana.