Barua kwa Deo, mpiga gitaa la rithim

Kirumba, Mwanza

Deo ndugu yangu,

Salaam nyingi. Za Musoma? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tupo tu. Mvua zimeanza, soko la samaki la Mwaloni ni matope matupu, ila Ijumaa baa inajaa vilevile.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unasema umechoka: unasimama nyuma karibu na drams, jasho linakumwagika, halafu noti zote za hela za kutuzwa anabandikwa mpiga gitaa la solo. Ni kweli, nikiwa kwenye mikisa ya sauti nayaona. Mabosi wa dagaa wakishauza mzigo wanapanda jukwaani moja kwa moja hadi kwa solo, wanampita mtu wa rithim, anayeshikilia mapigo ya wimbo mzima, kama nguzo ya umeme. Lakini hilo la kuacha rithim uanze kujifunza solo na umri huu, nakukatalia. Na nitakukatalia kwa kukutajia wale uliokuwa unanizimia redio nikiwaweka pale geto: AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Najua, makelele ya wazungu. Nivumilie.

Pale mwenye bendi si yule anayerukaruka na kaptula ya shule. Huyo ni Angus, mdogo mtu. Bendi ni ya kaka yake, Malcolm Young, na Malcolm alikuwa mpiga rithim. Walizaliwa Glasgow, Uskoti, familia ikahamia Sydney mwaka 1963. Malcolm akaiunda bendi 1973, na usiku wa kuamkia 1974 wakapiga kwenye klabu moja ya Sydney, Chequers. Wazo la sare ya shule lilikuwa la dada yao, Margaret, na hata jina la bendi ni yeye aliyeliona kwenye cherehani. Kila bendi ina dada wa namna hiyo, hatajwi kwenye bango.

Sasa, baa za Australia za miaka ile unazijua bila kufika. Watu wametoka kazini, wamekuja kunywa, hawakuja kukusikiliza wewe. Ukipiga laini wanaongea juu yako, ukirefusha wanageukia kaunta. Malcolm alichofanya ni kupiga pigo fupi, kisha anaacha nafasi, kisha pigo tena. Zile nafasi ndizo zinazomshika mlevi. Gitaa lake la Gretsch aling'oa pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, akabakiza moja, akafunga nyuzi nene, na wala hakuikwaruza sauti sana, ndiyo maana kila uzi unasikika hata spika zikiwa mbovu.

Na spika zetu unazijua. Juzi kabla wateja hawajaingia niliweka wimbo wao mmoja, ile spika ya kushoto ikikoroma kama kawaida yake. Mhudumu alikuwa anapanga kreti za soda. Hajui AC/DC ni nini. Akaanza kugonga kreti kwa kifungulio cha chupa, na mapigo aliyoyafuata yalikuwa ya Malcolm. Solo ya Angus ilipoingia wala hakubadilisha.

Februari 1976 walipanda juu ya lori, wakapita Swanston Street, Melbourne, wanapiga huku wanarekodiwa video, na zumari zile za Waskoti zenye mfuko. Nilicheka sana, maana sisi hilo ni gari la matangazo, tumelizunguka nalo hadi Igoma. Mwaka huohuo wakahamia London na kuanza upya kwenye vibaa, watu hawawajui. Ukubwa wenyewe ulikuja baadaye, mikononi mwa mtayarishaji Mutt Lange, aliyezaliwa Mufulira, huko huko Zambia kwenye machimbo ya shaba. Albamu yao ya 1980, iliyorekodiwa Bahamas, imeidhinishwa kupita nakala milioni 25 kwa Marekani peke yake.

Ila mwimbaji wao, Bon Scott, hakuifikia. Alifariki London Februari 1980, miaka 33, baada ya usiku wa kunywa. Malcolm mwenyewe 1988 ilibidi akae pembeni katikati ya ziara ili aachane na pombe. Nakwambia hili kwa sababu ya zile bia unazoletewa jukwaani badala ya hela. Mimi sizifurahii, na shemeji pia hafurahii, aliniambia.

Angalia sasa nafasi ya Malcolm mwaka huo ilijazwaje: na mtoto wa kaka yao, Stevie. Mwaka 2014 Malcolm alipougua ugonjwa wa kusahau na kustaafu, akaitwa Stevie tena. Kama rithim ni kazi ya yeyote, wangeokota mtu. Wakatafuta mkono unaofanana, ndani ya ukoo.

Kuhusu tuzo, hasira yako ni ya haki, lakini dawa yake si kuhama gitaa. Nimemwambia kiongozi wa bendi hapa tuweke boksi moja mbele ya jukwaa, noti zote ziingie humo, zigawanywe usiku uleule. Mpiga solo amenuna. Wa besi na wa drams wamekubali kabla sijamaliza sentensi.

Mpiga rithim wetu anaondoka mwisho wa mwezi, amepata kazi Bukoba. Ukitaka nafasi, nijibu kabla ya Jumatano, maana kuna kijana wa Nyegezi ananisumbua. Na uje na seti mbili za nyuzi nene, huku nazikosa madukani.

Msalimie mama.

Wako,
Maduhu