Barua ya malalamiko: kijitabu chenu cha Kiswahili na neno "makato"

Louisville, Kentucky
16 Februari 2026

Kwa Mkuu wa Idara ya Malalamiko na Rufaa,

KUH: NENO "MAKATO" KATIKA KIJITABU CHENU, DAWA YA PUMU YA BINTI YANGU, NA PESA NILIYOAMBIWA ITAKUFA DESEMBA

Salamu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nyuma ya kila karatasi mnayonitumia kuna mstari mmoja unaosema kwamba nikizungumza Kiswahili nitahudumiwa kwa lugha yangu bila malipo. Basi leo nauchukua mstari huo kama ulivyo. Mtafuteni wa kuwasomea, maana kwa mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta wa kunisomea karatasi zenu.

Nina bima yenu tangu 1 Januari 2025, kupitia ghala ninakofanya kazi zamu ya usiku. Tuko watano: mimi, mke wangu na watoto watatu. Kwetu ni Uvira, Kongo, lakini Kiswahili cha kuandika nimekipata Kigoma, Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nalitaja hili mapema kwa sababu mhudumu wenu mmoja alishaniambia huenda tatizo ni lahaja yangu. Lahaja haihusiki hapa.

Siku ya kujiandikisha tulipewa kijitabu cha Kiswahili chenye kurasa nane. Ukurasa wa tatu umeandikwa hivi: "Bima italipa baada ya makato yako ya mwaka ya dola 5,000 kukamilika." Kwa Mswahili yeyote, makato ni kile mwajiri anachokukata kabla mshahara haujakufikia. Nikaketi mezani jikoni, kijitabu huku, stakabadhi ya mshahara kule. Kila wiki mbili nakatwa dola 138.46 za bima na dola 50 za akaunti ya akiba ya afya. Mwanangu akapiga hesabu kwenye simu yake: mara 26, dola 4,899.96. Karibu kabisa na 5,000. Nikamwambia mke wangu, hiyo ndiyo yenyewe, tunalipa kidogo kidogo na bima inafanya kazi.

Na kweli ilionekana inafanya kazi! Mwezi wa tatu watoto wote watatu walipimwa afya ya mwaka na kuchanjwa, hatukutoa hata senti. Nani angeniambia kwamba chanjo na uchunguzi wa kinga ndivyo vitu ambavyo sheria inawataka mvilipe tangu siku ya kwanza, na kwamba vingi vilivyobaki ni juu yangu hadi zifike 5,000 nyingine, nje ya zile ninazokatwa? Kijitabu hakikuniambia. Kinatumia neno hilohilo "makato" ukurasa wa pili kwa mchango wa bima, na ukurasa wa tatu kwa kile ambacho watu huku mtaani wanakiita tu didaktibo, yaani kiasi unachojilipia mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kulipa.

Oktoba mwanangu mwenye miaka 14 alianguka kwenye mpira akavunjika mkono wa kushoto. Dharura, picha, plasta, usiku mmoja wa mawazo. Baada ya wiki chache ikaja karatasi yenu iliyoandikwa juu kwamba hii si bili, tukashukuru Mungu. Siku kumi baadaye ikaja bili yenyewe kutoka hospitali: dola 2,740, sehemu ya bima sifuri. Aliyenisomea ni mwanangu huyo mwenyewe, mkono ukiwa umening'inia kwenye kitambaa. Alipofika kwenye ile sifuri akanyamaza, halafu akasema, "Baba, labda nimesoma vibaya." Hakuwa amesoma vibaya.

Bili hiyo siwaombi mnifutie. Sasa naelewa mpango niliouchagua, na kwamba mchango wetu ungekuwa mkubwa zaidi kama tungechukua ule mwingine wenye didaktibo ndogo. Nakubali pia kwamba kijitabu cha Kiingereza kilikuwepo na sikukifungua hadi Januari. Ninachoomba hapo ni kwamba muiandikie hospitali isubiri, isipeleke deni kwa wakusanya madeni, mpaka mtakapojibu barua hii. Na mjue kwamba ziara ya mwisho ya mkono huo iliangukia Januari, mwaka mpya, hesabu ya zile 5,000 imerudi sifuri. Hilo nalo kijitabu cha Kiswahili hakilitaji.

Kinachoniuma zaidi ni dawa ya pumu. Binti yangu wa miaka tisa anavuta dawa ya kuzuia, ile ya steroidi, asubuhi na jioni. Kuanzia Agosti hadi Desemba nimelipa dola 187 kila mwezi dirishani kwenye duka la dawa, jumla 935. Januari nilikaa na jirani mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, tukafungua kijitabu chenu kikubwa. Humo mmeandika waziwazi kwamba dawa za kuvuta za kuzuia pumu zinalipwa na bima kabla ya zile 5,000, mgonjwa achangie dola 10 tu. Jirani akanieleza kwamba mamlaka ya kodi iliruhusu jambo hili tangu 2019, kwa orodha maalumu ya magonjwa ya kudumu, na kwamba kampuni inaweza kuliweka au kuliacha. Ninyi mmeliweka. Mmeliweka kwa Kiingereza. Katika zile kurasa nane zetu halimo.

Kwa hiyo hii ni rufaa rasmi kuhusu dawa hiyo kwa miezi yote mitano. Karatasi yenu ya kwanza inayoonyesha mmekataa kulipa niliipokea mwishoni mwa Agosti, nami bado nimo ndani ya siku 180 za kukata rufaa. Nimeambatanisha risiti tano. Kwa hesabu yangu, katika hizo 935 sehemu yangu ilikuwa dola 50 tu, na 885 zilizobaki nawadai.

Sasa akaunti ya akiba. Niseme ukweli, nikishaielewa, naipenda. Ni kibubu chenye kadi: pesa inaingia haijakatwa kodi ya mapato, ikitumika kwa matibabu haikatwi, na hata nikiacha kazi inabaki yangu. Mwaka 2025 familia iliruhusiwa kuweka hadi dola 8,550. Sisi hatuna uwezo huo, lakini 1,300 kwa mwaka si haba.

Tarehe 9 Desemba nilipiga simu yenu kuuliza salio. Baada ya muziki wa dakika arobaini nikaunganishwa na mhudumu, na dada mkalimani katikati. Nikauliza, je, zisipotumika? Mhudumu akasema maneno mengi. Dada akaniambia: "Mzee wangu, usipozitumia hadi tarehe 31, zitakufa." Nikarudia swali. Akarudia jibu. Ile ni kanuni ya akaunti nyingine kabisa, ile ya mwajiri ambayo kwa kawaida mwaka ukiisha na pesa inakwisha. Ya kwangu haifi. Sijui kama kosa ni la mhudumu au la mkalimani, na si kazi yangu kujua. Wote wawili wamekuja kwa simu yenu.

Mtu akiambiwa pesa yake inakufa, afanye nini? Mama yangu yuko Kigoma na alikuwa anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho. Nikatoa dola 700, nikamtumia. Ni matibabu, nikadhani nimo ndani ya sheria. Zilizobaki tukamnunulia mke wangu miwani, na hiyo haina shida. Wiki iliyopita anayenijazia kodi akaniambia mama yangu, kwa kuwa anaishi Tanzania, hahesabiwi kuwa tegemezi wangu, hivyo zile 700 ni kama nimezila: nazilipia kodi ya mapato, na juu yake adhabu ya asilimia 20, dola 140. Mama anaona vizuri sasa, sijutii hata kidogo. Lakini ningeweza kumtumia kutoka kwenye mshahara na kuziacha zile palepale, kama mngeniambia ukweli.

Simu zenu hurekodiwa, mnatuambia hivyo kila tunapopiga. Isikilizeni ya tarehe 9 Desemba, kisha mnipe barua inayosema niliambiwa nini, niipeleke benki inayotunza akaunti na kwa huyo wa kodi, tuone kama kuna njia ya kuzirudisha.

Kijitabu kiondoeni. Pale ghalani tuko wengi tunaosoma Kiswahili, na Novemba wamegawiwa kilekile tena. Mkihitaji maneno, nawapa bure: "kiasi mnachojilipia wenyewe kwanza, kila mwaka, kabla bima haijaanza kulipa." Ni marefu, najua. Chini yake andikeni vitu vinavyolipwa bila kusubiri, na dawa ya pumu iwemo. Na "makato" yaacheni kwenye stakabadhi ya mshahara, ndiko kwao.

Jibu la rufaa nalitarajia kwa maandishi ndani ya siku 60, kwa Kiswahili. Nakala ya barua hii nimeipa ofisi ya wafanyakazi ghalani, na nyingine ninayo tayari kwa ajili ya Idara ya Kazi ya Marekani endapo siku hizo zitapita kimya.

Mkiamua kunipigia, pigeni baada ya saa nane mchana, asubuhi nalala. Na msimpe ujumbe mwanangu akipokea. Amekwisha kazi ya ukalimani.

Wenu,
Mteja wa zamu ya usiku
(jina na namba ya uanachama viko kwenye fomu iliyoambatanishwa)