Kabla ya kununua nyumba ya kupangisha Mtwara

Wanakikundi, salaam. Wengi mmeuliza tuanzie wapi. Jumamosi kila mtu aje na hesabu yake, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Mfano: vyumba 4, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, ni 2,400,000 kwa mwaka kwenye karatasi tu. Toa miezi 2 ya vyumba kukaa vitupu, zinabaki 2,000,000. Kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, 10% ni 200,000. Matengenezo weka 300,000. Mkononi 1,500,000. Nyumba ikiwa ya milioni 25, pesa yako inarudi baada ya miaka kama 17! Basi punguza bei, msiongeze matumaini. Wanaowalenga wanafunzi wa chuo cha Stella Maris wakumbuke likizo.

Ardhi: msitoe hata shilingi ya "kushikia" kabla ya kuhakiki hati kwenye ofisi ya ardhi. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake si hati miliki. Muuzaji ana mke au mume? Ridhaa yake iwe ya maandishi. Nyumba ya urithi, ombeni barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, asipokuwepo, ondokeni.

Upande wa Shangani chumvi ya bahari inakula bati na misumari, kwa hiyo pandeni juu mkague. Bati la geji 28 ni nene kuliko la 30.

Kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya umeme. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya pamoja huleta ugomvi kuliko pango lenyewe.