Somo, usiiguse taa

Morogoro, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, mvua zimekatika na milima ya Uluguru imeanza kutushushia kibaridi chake. Shemeji yako anakusalimu sana, anauliza ile samli uliyoahidi imekwama wapi.

Picha ulizotuma nimezitazama hata betri ya simu ikaisha. Hongera, somo. Pikipiki ya Honda Pan European ya 1994, iliyotoka Ulaya kwa magurudumu yake yenyewe mpaka ikauziwa Tanga, si chombo cha kuchezea. Sasa unaniambia fundi wa mtaani kwenu atakufungia redio na spika Jumamosi hii, "kazi ya saa moja tu." Niliposoma hapo nikasema ujumbe wa simu hautatosha, acha nikae kitako niandike. Mwambie asubiri kwanza.

Unakumbuka ile safari yangu ya Iringa, nikachelewa harusi ya mpwa wako, nikawaambia nililala Mikumi kwa sababu ya pancha? Haikuwa pancha. Nilikuona aibu wewe na wale wazee, ndiyo nikatunga. Leo nakutolea yote.

Siku tatu kabla ya safari nilipeleka pikipiki yangu ya BMW kwa fundi mmoja, nikiwa na redio niliyoitoa kwenye gari, amplifaya ndogo na spika mbili. Akatafuta waya unaopata umeme swichi ikiwashwa, akauona wa taa kubwa. Akaubana kwa kile kibano cha plastiki cha buluu, kinachong'ata waya bila kuumenya, akapachika waya wa redio hapo. Paa, muziki ukalia. Nikamlipa na soda nikamnunulia.

Siku ya safari nikatoka hapa nimechelewa. Naipita Doma giza linaingia, na mbele yangu ndiyo ile barabara inayokatiza hifadhi ya wanyama ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Niko katikati ya hifadhi, wimbo umekolea, mara taa puu. Ikazimika moja kwa moja, bila kupepesa. Lami siioni, mstari siuoni. Na redio inaimba! Somo, redio inaimba vilevile, tena kwa furaha, na vile vitaa vyake vya rangi vinanimulika usoni. Nikafunga breki kwa kukisia, nikasimama. Nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Nikaizima redio, na hapo ndipo nikasikia kitu kilichokuwapo muda wote ila muziki ulikuwa unakifunika: majani na matawi yanavunjwa, kraa, kimya kidogo, kraa, taratibu kama mtu asiye na haraka anayevunja kuni kwa mkono. Sikumwona. Sikutaka kumwona. Aliyeniokoa ni dereva wa lori la kwenda Zambia. Alikuja nyuma yangu, akaelewa bila kuambiwa, akanimulikia kwa mwendo wa kinyonga mpaka Mikumi mjini.

Asubuhi nilifungua kava. Kile kibano kilikuwa kimekata karibu nusu ya nyuzi za waya wa taa. Taa ya wati 55 peke yake inavuta ampea nne na ushei. Ongeza redio na amplifaya vinavyonyonya hapo hapo, ongeza mtikisiko wa barabara, zile nyuzi chache zilizobaki zikapata moto zikakatika. Na zilikatikia upande wa pili wa kibano, kuelekea kwenye taa. Kwa hiyo cha anasa kikabaki hai, cha kuniokoa roho kikafa.

Tangu hapo sharti langu ni moja: redio iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye betri. Ikifa ife peke yake, isichukue mtu.

Basi fanya hivi. Waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 utoke chanya ya betri. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja, kwa sababu fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, na kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kikisuguliwa na chuma kikachubuka, utachoma pikipiki kwa mikono yako. Kutoka kwenye fyuzi waya uende kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, zile za kawaida za gari zenye miguu iliyoandikwa namba. Umeme unaingia mguu wa 30 unatokea wa 87 kwenda kwenye redio. Mguu wa 85 unakwenda hasi. Wa 86 ndio unaoshtuliwa na swichi ya pikipiki, na hapo ndipo mahali pekee utakapogusa waya wa asili. Gusa wa taa ya namba nyuma, usiguse wa taa ya mbele. Rilei inataka chini ya robo ya ampea kujishtua, hata hiyo taa haitajua kama kuna mgeni.

Redio ya gari ina waya wa njano na mwekundu. Wa njano ndio unaotunza saa na vituo, unataka umeme usiku na mchana. Mafundi wengi wanauunganisha moja kwa moja na betri, na kwenye gari hakuna neno. Kwenye pikipiki piga hesabu: tuseme inanyonya miliampea 10 tu, kwa siku ni karibu robo ya ampea-saa, kwa mwezi ni saba. Betri yako nzima ni kama 12. Ukienda Pemba kwa mkweo ukakaa mwezi, ukirudi utasukuma. Mimi wa njano na mwekundu nimeuunganisha pamoja baada ya rilei. Saa inapotea kila nikizima, na sijawahi kuikosa.

Halafu usidanganywe na boksi. Redio yangu imeandikwa wati 50 mara nne, yaani 200. Nyuma ina fyuzi ya ampea 10. Kumi mara volti 14 ni 140. Hizo nyingine zinatoka wapi, mbinguni? Ukweli ni wati kumi na kitu kwa kila spika, na zinatosha. Nakwambia haya kwa sababu hizo Pan za mwanzo altaneta yake, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ni ya ampea 28, zile za 40 zilikuja baadaye. Mbele una taa mbili za balbu za H4, hizo peke yake ni wati 110, bado injini yenyewe, feni na taa za breki. Kwa hiyo ule mpango wako wa spika nne na amplifaya ya besi, samahani, ni ulafi. Spika mbili za omu 4, zile za boti zisizoogopa maji, basi.

Jambo jingine kabla sijasahau: tanki la petroli la pikipiki hiyo liko chini ya kiti. Lile unalolikumbatia kwa magoti ni kava tu. Mtu asije na drili kutoboa chini ya kiti kutafuta pa kupitishia waya!

Sasa kelele. Utamaliza kila kitu, utawasha, halafu utasikia mluzi mwembamba unaopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia. Huo ni wa altaneta. Ukisikia tiki-tiki-tiki inayokwenda na injini, hiyo ni ya plagi. Mluzi wangu ulinisumbua wiki mbili. Nilinunua vichujio viwili, pesa zikaenda, mluzi ukabaki. Siku moja nikachomoa chaji ya simu, ukanyamaza. Kumbe simu ilikuwa inachajiwa huku imeunganishwa na redio kwa kile kiwaya cha muziki, kwa hiyo hasi ilikuwa na njia mbili za kurudi, na mluzi unazunguka humo. Dawa ni vitu viwili. Hasi za redio, amplifaya na chaji zote zirudi mahali pamoja, kwenye kichwa cha hasi cha betri, si kila moja kwenye boliti yake ya fremu. Mluzi ukibaki, weka kile kikopo kidogo chenye transfoma ndani katikati ya kiwaya cha simu. Ya plagi ni rahisi zaidi: hakikisha plagi zako ni zenye rezista, kile kizuizi cha umeme cha ndani kinachopunguza kelele, za NGK utaona herufi R kwenye namba yake.

Usidhani ni shida ya pikipiki za kwetu tu. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago alifunga redio kwenye gari lake la Studebaker akaliendesha mpaka Atlantic City, walikokuwa wakikutana wafanyabiashara wa redio, na redio zake hizo za gari ndizo zilizopewa jina la Motorola. Na hao nao kelele za umeme wa plagi ziliwatoa jasho.

Kuhusu redio yenyewe, nimeona kwenye picha unayo moja uliyoitoa kwenye gari la Kijapani. Itazame FM yake. Japani walizoea 76 mpaka 90, huku kwetu vituo viko kati ya 87.5 na 108. Utapata vile vichache vilivyo chini ya 90, vingine ni mchanga mtupu. Ndiyo maana madukani wanauza kile kidude cha kuhamisha masafa, kinachokaa kati ya antena na redio. Kinasaidia, lakini namba unayoisoma kwenye kioo si ya kituo, na ni kiungo kimoja zaidi cha kuingiza maji. Iuze hiyo, nunua ya boti.

Antena nayo mafundi wanaidharau. Kwa FM ya katikati, robo ya wimbi ni sentimita 75 hivi, na huo ndio urefu wa antena. Ukiweka kile kimkia kifupi cha mapambo utasikia Tanga mjini tu, ukifika Muheza kimya. Tena antena ya gari inaegemea bati la paa. Wewe bodi yako plastiki, kwa hiyo mkanda wa hasi wa antena ufungwe kwenye chuma chenyewe cha fremu, kilichokwanguliwa rangi. Hii ndiyo hasi pekee ninayoiruhusu ikae kwenye fremu.

Na wewe uko pwani. Chumvi ya hewa ya kwenu inaingia ndani ya waya kama mgeni asiyebisha hodi. Ukiumenya baada ya mwaka unakuta kutu ya kijani. Kila kiungo kibanwe kwa koleo lake, kivalishwe ule mpira unaonywea kwa moto, wenye gundi ndani. Lehemu tupu kwenye pikipiki siipendi. Waya unakuwa mgumu pale lehemu inapoishia na mtikisiko unaukatia hapo hapo. Tepu nyeusi hata usiitaje, kwa joto la Tanga inageuka asali.

Umeniuliza kama spika zinasikika ukiwa mwendoni. Ukweli? Mpaka themanini, ndiyo. Ukifika mia, ndani ya helmeti upepo peke yake unakaribia desibeli 95 na hata kupita. Ukitaka muziki ushinde hapo unajiua masikio. Mimi siku hizi navaa vizibo vya masikio, na kwa mwendo mrefu nina vispika vyembamba ndani ya helmeti vya kuniambia njia. Zile kubwa za kwenye kava ni za nikisimama.

Na nikisimama zinanilipa, somo. Mwezi uliopita nilikuwa Ruaha Mbuyuni siku ya Simba na Yanga. Nimeegesha chini ya mbuyu, nimefungua redio, mara mama muuza vitunguu akasogea na ndoo yake akakaa. Wakaja makondakta wa basi, wakaja bodaboda watatu, mzee mmoja akaleta kiti chake kabisa. Dakika kumi tunasikiliza pikipiki. Penalti ilipotolewa, mmoja akanipigia tanki ngumi hata nikaogopa kava litapasuka. Niliondoka na vitunguu nusu gunia ambavyo sikuvihitaji, nusu bei.

Nitakuja Tanga Jumamosi ijayo, si hii, nikiwa na mita na koleo. Wewe tafuta rilei na soketi yake, mita sita za huo waya wa 2.5 wa gari, si wa nyumba, maana ule wa nyumba mara nyingi una uzi mmoja mgumu na utavunjika. Fyuzi za ampea 10 nunua tano. Na huyo fundi mwite aje tufanye naye, asione tumemdharau, ila vile vibano vya buluu aviache nyumbani.

Nisalimie mama na watoto.

Somo yako